Shimo Langu Lisilojaa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Dawati la Malalamiko,
Mradi wa Maji ya Mji na Hifadhi ya Bonde,
Umm Rumana.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MRADI, DHIDI YA RANGI YA KIJANI, NA DHIDI YA MPWA WANGU

Mheshimiwa,

Amani iwe juu yako na juu ya wote wanaomega mkate pamoja nawe.

Anayekuandikia ni Mufleh wa ukoo wa Sahwan, maarufu Abu Nawwaf, mtu ambaye kama si yeye mji huu ungekuwa umekwisha kufa kwa kiu tangu ule mwaka wa ukame mkubwa. Wahandisi watatu walikuja kutoka Amman, wakazunguka mlima siku tisa na mashine zao bila kupata hata jasho la jiwe. Mimi nilivua kiatu cha kushoto, nikaikanyaga ardhi, nikawaambia, "Chimbeni hapa." Wakachimba. Kwamba walikuta mwamba mtupu ni kwa sababu walichimba kwa dharau.

Shule niliiacha darasa la sita, baada ya kugundua kwamba mwalimu ameanza kurudia mambo. Kwa hiyo usishangae ukikuta humu maneno mazito.

Nimesoma tangazo lililobandikwa mlangoni pa duka la mikate, kwamba mradi wenu una masharti ya kulinda mazingira na watu, na kwamba sharti mojawapo ni kumsikiliza kila mlalamikaji bila kumcheka. Sehemu hiyo ya kutocheka nimeisoma mara mbili. Ninakukumbusha tu.

Habari yenyewe unaijua, ila niiweke sawa. Mnataka kuyachukua maji ya chemchemi ya Ain Rumana na kuyaingiza kwenye mabomba ya mji, ili watu waache kungoja maji ya bomba mara moja kwa wiki na kukimbilia mapipa ya juu ya paa kama waliosikia king'ora. Jambo jema. Lakini mmesema hamtayafungulia maji hayo mpaka kila nyumba iliyo juu ya chemchemi ifukie shimo lake la choo na kujiunga na bomba la majitaka. Nyumba ziko kumi na moja. Kumi zimekubali. Ya kumi na moja, iliyo juu kuliko zote, moja kwa moja juu ya kichwa cha chemchemi, ni yangu. Sasa ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Mmelivunjia heshima shimo langu.

Shimo hili alilichimba marehemu babu yangu kwa mikono yake, katika mwamba wenye nyufa nzuri. Majirani zangu wote, kila baada ya miezi miwili, huita gari la kunyonya majitaka; mtaa mzima hufunga madirisha, na watu hula chakula cha mchana wakiwa wameshika pua. Mimi, Mheshimiwa, kwa miaka ishirini na sita sijaliita gari hilo hata mara moja. Shimo langu halijai. Nimelea humo watoto saba, nimekaribisha humo arusi nne, na arusi moja ilikuwa na wageni mia tatu waliokula mansafu, yaani wali na nyama ya kondoo kumi na wawili, na mtindi usiopimika. Halikujaa. Asubuhi yake nilifunua kifuniko, nikaona limeshuka.

Hiyo ni baraka, na baraka ina maadui. Jirani yangu Abu Zaidan mwenye duka, ambaye shimo lake hujaa kana kwamba anakula kwa niaba ya wilaya, hunisalimia hivi kila siku: "Abu Nawwaf, vitu vyako huwa vinakwenda wapi?" Nami humjibu, "Vinakwenda baraka inakokwenda, ewe mwenye roho nyembamba!" Halafu mkaja nyinyi, na mkauliza swali lile lile la Abu Zaidan, ila nyinyi mna kofia za plastiki.

2. Rangi ya kijani.

Mwezi uliopita alikuja Rabab, binti wa dada yangu, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupanda punda. Siku hizi ni Afisa Mazingira wa mradi wako. Alikuja na mafundi wawili na chupa ya unga. Akaniambia, "Mjomba, hii ni rangi tu, haina madhara. Tunaimwaga kwenye shimo moja, tunangoja, tunaona kama itatokea kwenye chemchemi. Kisha shimo jingine."

Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale. Ningefanya nini? Nilisema, "Anzeni na langu! Na likitokea hata tone moja, naapa kwa masharubu yangu haya, maji ya Ain Rumana ni safi kama siku yalipoumbwa!" Sasa nikikisoma kiapo hiki naona kichwa chake hakijuani na mkia wake, lakini watu walipiga makofi.

Siku ya tatu chemchemi ilitoka kijani. Si kijani cha majani, Mheshimiwa. Kijani cha ile taa ya duka la dawa. Wanawake walitupa ndoo. Mbuzi wa Abu Zaidan walikataa kunywa, na mbuzi hao hula maboksi. Mama yangu, Hajja Wadha, mwenye miaka themanini na minne na macho ya kukisia, alijaza birika lake kama kawaida, akapika chai, akaimimina kwenye bilauri, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mufleh, mnanaa wa leo mkali."

Malalamiko yangu hapa ni kwamba rangi haina jina. Nani amethibitisha kwamba kijani kile ni kijani changu? Kama mngekuwa watu wa haki mngeniandikia jina langu kwenye ile rangi.

Toka siku hiyo mmebandika tangazo kwamba chemchemi isinywewe. Mama yangu hajui kusoma, na aliposomewa alisema, "Mwanangu ameapa." Basi anaendelea kuteka na kunywa. Tumbo lake linamsumbua tangu majira ya baridi, lakini hilo nimeshalieleza kwa kila mtu kuwa ni kabichi.

3. Hata kama ni langu.

Tuseme, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba shimo langu linafika kwenye chemchemi. Je, mtu anayeongeza kitu kwenye chombo cha watu wote huitwa nani? Huitwa mchangiaji. Mji unalia maji hayatoshi. Mimi, bila kuombwa na mtu, kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiyaongeza, mchana na jioni, na wakati wa arusi nimeyaongeza kupita uwezo wangu. Badala ya barua ya kufukia nilitazamia kibao cha marumaru pale kwenye bomba, chenye jina langu. Herufi zisiwe kubwa sana. Zisomeke kutoka barabarani, basi.

4. Kikombe.

Hapa ndipo ninapoomba ukae vizuri kwenye kiti.

Jumatatu iliyopita walinijia wageni: wazee saba wa mji wenye majoho, na mbele yao Rabab. Niliwaona tangu bondeni wakipanda. Nikajua moja kwa moja kuwa wanakuja kuniomba nikate utepe siku ya ufunguzi, maana katika mji huu nani mwingine akate? Nilivaa joho langu la kahawia. Niliwaweka kwenye magodoro ya heshima, nikapika kahawa mwenyewe, yenye iliki hadi mtaa ulinukia, nikammiminia Rabab wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuja na neno.

Akakipokea kikombe. Akakiweka chini, mbele ya goti lake. Hakukigusa.

Wewe unajua maana yake, maana nawe umezaliwa na watu. Mgeni mwenye haja huweka kikombe chini, na nyumba haina uso mpaka mwenyeji amwambie anywe, haja yake imekubaliwa. Wazee saba nao wakaweka vyao. Vikombe vinane chini kwenye zulia langu, vinatoa moshi! Ukoo wetu haujawahi kuacha kahawa ya mgeni ipoe. Nilipaza sauti ili hata Abu Zaidan aliyekuwa anachungulia mlangoni asikie:

"Kunyweni kahawa yenu! Mlichokijia mmekipata, hata kama ni mboni za macho yangu!"

"Mungu akuzidishie heshima, mjomba," akasema Rabab. "Macho yako baki nayo. Tumelijia shimo."

Kisha akakinyanyua kikombe, akakimaliza kwa mkupuo mmoja, akakitikisa kuonyesha ametosheka, kama shekhe wa miaka sabini. Wazee wakanywa. Mmoja akasema, "Neno la Abu Nawwaf ni mwamba." Mwingine akasema, "Mwamba wenye nyufa nzuri," na wote wakapata kikohozi kwa pamoja.

Ninauliza: hili limo katika masharti yenu ya mazingira? Ukurasa gani? Mmeleta mashine kutoka ng'ambo, mmeleta ramani ambayo nyumba yangu imepakwa nyekundu peke yake kama chunusi, na vyote viliposhindwa mkaja kunikamata kwa kahawa yangu mwenyewe! Nilimweleza Abu Zaidan uovu huu. Alicheka mpaka akaegemea magunia ya dengu, na alipopata pumzi alisema, "Kahawa! Ah, Abu Nawwaf, kahawa tena!" akaanza upya. Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa.

5. Ombi langu.

Kama mwenyeji nimefungwa na neno langu, siwezi kulirudisha. Lakini kama mlalamikaji sijanywa kahawa ya mtu. Kwa hiyo ninaleta njia inayompendeza kila mmoja.

Hamisheni chemchemi.

Usikunje uso. Shimo langu haliwezi kuhama, limechongwa kwenye mwamba. Maji ni kitu chepesi, yamezoea safari. Nyinyi wenyewe mnayatoa hapa kuyapeleka mjini kwa mabomba. Shida gani kuyaomba yatokee upande wa pili wa mlima, kwenye shamba la Abu Zaidan, ambako anayo nafasi kubwa isiyo na kazi? Mimi niko tayari kuja kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Nitavua kiatu cha kulia safari hii.

Na kama chemchemi itakaidi, basi uhamisheni mji.

Ninatumaini jibu kabla ya Jumapili saa mbili asubuhi, kwa maana huo ndio wakati mafundi wenu wameahidi kufika na koleo.

Nisalimie wote hapo ofisini, dereva wa lori la maji ambaye ni mwanetu, mlinzi wa lango na mguu wake mbaya, na mke wako ambaye sijamjua lakini bila shaka ni mvumilivu. Rabab usimsalimie. Au msalimie, lakini kwa kifupi.

Ndimi wako katika heshima na katika kudhulumiwa,

Mufleh (Abu Nawwaf) wa ukoo wa Sahwan,
mtaa wa juu, nyumba ya mwisho, yenye kifuniko cha chuma uani

Nyongeza, iliyoandikwa baada ya sahihi kukauka:

Barua hii ilikuwa tayari nimeikunja. Mama aliingia sebule ya wageni kutafuta blanketi, akavuta magodoro yaliyopangwa ukutani, na nyuma yake zikaanguka chupa tupu za maji ya dukani, kumi na tisa. Zilipiga kelele kuliko idadi yake.

Hakunigombeza. Aliketi palepale alipokuwa ameketi Rabab, akasema, "Nipe kahawa, mwanangu." Nilimpa. Akakiweka kikombe chini.

"Kunywa, mama."

"Sinywi."

"Sema unalotaka."

"Unalijua." Kisha akazitazama zile chupa, moja baada ya moja, kwa macho yake ya kukisia. "Wewe uliapa maji ni safi, nami nikayanywa kwa kiapo chako. Tangu siku ya ile rangi, Mufleh, wewe ulikuwa unakunywa nini?"

Nilimwambia, "Kunywa, mama, ulichokijia umekipata." Nilisema kwa sauti ndogo. Akasema maneno amekwisha kuyasikia, sasa anangoja koleo. Akainuka, akaenda zake kulala mchana. Kikombe bado kipo kwenye zulia. Kimepoa, na mimi ninapita ukutani ili nisikiguse.

Kwa hiyo tafadhali mafundi wasingoje Jumapili. Waje kesho. Kifuniko nimeshakiondoa mwenyewe. Na lori la maji safi lipitie kwanza kwa mama, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikataa kuyapokea, mwambieni mwanawe haapi tena.

Chupa nilikuwa nikinunua kwa Abu Zaidan, naye alikuwa akinifungia kwenye gazeti kama mtu anayeuza aibu. Ndiyo maana alicheka vile kuhusu kahawa. Na Rabab, ukimwona, mwambie asiwe na wasiwasi na tumbo lake, yeye na wale wazee saba. Kahawa waliyoinywa kwangu siku ile niliipika kwa maji ya dukani.