Ufunguo wa Pikipiki ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaondoka. Semina ya wakunga, siku tano. Kaniachia pikipiki yake na sharti moja: isiazimwe, hata akija malaika na mabawa yamevunjika. Nikaapa. Ufunguo ni mmoja tu. Wa akiba niliupoteza mwaka jana, na habari hizo hazitajwi nyumbani.

Saa moja asubuhi akaja jirani yetu, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Pole, maana hamalizi sentensi bila neno hilo. Ana sare za kupeleka shuleni, mbali. Nikamwambia haiwezekani. Kisha nikakumbuka koti langu! Alhamisi nina usaili wa ukarani mkuu wa stoo, na mikono ya koti inafika kwenye vidole. Nikamwambia inawezekana. Mkono mtupu haulambwi: nifupishie mikono bure, chukua pikipiki.

Akauliza Dada atasemaje. Nikamjibu kwamba pikipiki ni kama yangu. Kama!

Jumanne, 4 Machi

Jana jioni Pole karudisha pikipiki nyumbani, kaiosha mpaka inang'aa, kaifunga usukani. Koti nalo tayari. Nikamfuata dukani kwake, nikalivaa palepale, nikajigeuzageuza mbele ya kioo, nikamwona mkurugenzi.

Leo asubuhi nataka kwenda nayo kazini. Ufunguo hakuna! Chini ya kitanda, kwenye viatu, ndani ya masufuria. Hakuna.

Nikakimbilia dukani. Pole akasema pole, alinipa mkononi nikiwa kwenye kioo. Nikasema hakunipa. Akasema labda. Yeye ni mtu wa labda, mimi ni mtu wa sauti. Wateja watatu walikuwepo. Nikawauliza, mtu anayepoteza ufunguo wa mkunga, atashindwaje kupoteza vitambaa vyenu? Maneno yalinitoka tu. Nilikuwa na hofu, si hasira, lakini kwa anayesikiliza ni kelele zilezile.

Nimekwenda kazini kwa miguu. Nimechelewa.

Jumatano, 5 Machi

Pole kaja asubuhi na mapema, macho mekundu. Kapekua kikapu cha vipande, kafagia duka mara mbili, hakuna kitu. Kasema basi huenda kweli aliuangusha njiani, kosa ni lake, twende kwa fundi wa funguo na gharama zote juu yake. Sikumbishia.

Usukani ulikuwa umefungwa, haugeuki. Tukapandisha gurudumu la mbele kwenye toroli la mchanga. Pole akavuta, mimi nikaelekeza. Nilivaa koti ili watu wajue mwenye mali ni nani. Wakatuuliza tumeiiba wapi. Nikatangaza kwamba huyu kapoteza ufunguo. Nilitangaza hata kwa wasiouliza.

Fundi wa funguo akang'oa swichi nzima ya kuwashia. Akaniambia nichuchumae nimshikie tochi. Nikachuchumaa. Kitu kikagonga bomba la moshi. Kililing! Kutoka kwenye koti langu, kwenye upindo wa chini, ndani ya bitana. Nikapapasa. Nikakumbuka vyote kwa mpigo: kioo, mkono wa Pole, mkono wangu, mfuko wa ndani ambao umetoboka tangu ninunue koti.

Pole hakuwepo. Alikuwa kaenda kunitafutia maji, kwa sababu nilimwambia jua limenichosha.

Fundi alisikia. Akatazama koti, akatazama swichi aliyokwisha kuing'oa, akasema yeye kazi yake ni kufungua makufuli, midomo ya watu haimhusu. Pole akarudi na maji ya baridi. Nikayanywa yote.

Alhamisi, 6 Machi

Usaili. Wameniuliza mtunza stoo anahitaji nini kuliko vyote. Nikajibu uaminifu. Ufunguo wa Dada ulikuwa ndani ya soksi.

Jioni, balaa jingine. Swichi mpya ina ufunguo mpya, sawa. Lakini kifuniko cha tangi kinafunguliwa na ule wa zamani, na tangi limekauka! Nikaona bora nikifungue kimyakimya nyuma ya nyumba. Sijavua hata kiatu, Pole huyo, na nyundo na patasi. Hakulala, anasema, aliwaza tangi. Ningemwambia nini?

Nikamshikia pikipiki. Akagonga, akagonga, akajigonga kidole gumba. Kidole chenyewe ndicho anachosukumia kitambaa kwenye cherehani. Akaniambia mimi pole. Mimi!

Nilitaka kusema ukweli. Wallahi nilitaka. Ulifika mpaka kwenye meno, ukatoka umegeuka: nikamwambia aongeze nguvu kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita dukani kwa Pole. Cherehani kimya. Shule imechukua vitambaa vyake vyote vya sare. Mwalimu mkuu kasema hawezi kumwachia mali mtu anayepoteza vitu. Maneno yangu hayo, nimeyatambua. Mke wa Pole akanivutia kiti, akaniuliza kama usaili ulikwenda vizuri. Nilitamani ardhi inimeze, na kiti kile nacho.

Lakini nimepata akili. Ufunguo ukionekana, maneno yataisha! Nikaudondosha kwenye kizingiti cha duka, nikasimama ng'ambo nikijifanya nasoma tangazo. Mama mmoja akauokota. Akapaza sauti, kumbe ulikuwa humuhumu kwake muda wote, na mtu wa watu anahangaika!

Upande huo sikuwa nimeufikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Dada karudi. Kaona tangi limefunikwa kwa kitambaa na mpira. Kanitazama kwa lile jicho la tangu utotoni. Kabla sijafungua mdomo, Pole kaingia, kidole kimefungwa bendeji, kavua kofia, kakiri makosa yote. Pamoja na kosa la kuniomba pikipiki, eti alinibana sana.

Dada akanigeukia mimi, akaniomba msamaha. Alidhani ni mimi. Kasema kumbe nimekuwa mtu mzima. Akanipakulia nyama nyingi kuliko yake. Nimekula nikiitazama sahani.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na uamuzi. Aibu imenitosha. Leo namsafishia Pole jina lake, hadharani, liwalo na liwe.

Nikaenda dukani. Watu walikuwepo wengi, wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Nikawaomba wanisikilize. Nikasema Pole ni mtu mwema, hakuna asiyekosea. Wote wakanigeukia, wakaningojea.

Nikasema nimemsamehe.

Wakanipigia makofi! Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi wangekuwa na moyo kama wangu. Wengine wakarudisha vitambaa mezani. Pole akanishika kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Akasema hana cha kunipa, labda anishonee suruali ya kuendana na lile koti, bure.

Nikakataa. Akasisitiza. Nikakataa tena, ila nilikuwa nimeshainua mikono ili anipime kiuno.