Fundi Asiyechafuka

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa nyumbani kwangu, mbele ya shemeji. Sababu: kitambaa cha kochi. Jana nilitoka chini ya gari, nikaketi kunywa chai kama mtu yeyote mstaarabu. Nilipoinuka, makalio yangu yote mawili yalibaki pale kochini, meusi, yamechorwa vizuri kuliko picha ya harusi. Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alinitoa nje, akanionyesha gari kwa kidole, akasema: "Mzee wangu, doa jingine moja ndani ya nyumba hii, gari hili analichukua kaka yangu. Nimemaliza."

Huyo kaka yake, yaani shemeji, alikuwa amesimama hapo hapo akikung'uta suti ya kijivu isiyokuwa na vumbi. Karani wa mapokezi. Kazi yake ni kuwaambia watu waketi wasubiri. Amelikodolea macho gari langu miaka nenda rudi, kama fisi anayemfuata mtu njiani akidhani mkono utadondoka. Alisema kwa upole kwamba yeye hana haraka.

Nimelikubali sharti. Kwa nini nisilikubali? Gari hili nililinunua nikiwa mkaguzi wa shule, nimestaafu nalo, na ndilo pekee hapa nyumbani linalogeuka nikiligeuza. Siku hizi linalia likikata kona, ka-ka-ka, kama mtu anayevunja njugu kwa meno. Ni kiungo cha ekseli ya mbele. Kazi ndogo. Nitaifanya mwenyewe, hapa uani, na nitatoka safi kama yai lililomenywa. Uchafu wa mafundi si wa lazima. Ni uvivu wa kufikiri.

Jumanne, 5 Machi

Mifuko ya taka. Ile mikubwa, myeusi. Mmoja kila mguu, mmoja kila mkono, na mmoja kiwiliwilini niliotoboa tundu la kichwa. Juu, kofia ya kuogea ya mke wangu. Viungo vyote nikavifunga kwa utepe wa gundi. Nilijitazama kwenye kioo cha gari nikaona mtu wa kisasa.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinapakana na ukuta wetu na ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, aliinua shingo juu ya ukuta akauliza kama tumeanza kupulizia mende dawa. Mtu anayefagia nywele za wenzake hana la kumfundisha mkaguzi mstaafu.

Kasoro ya mfuko wa taka ni moja tu: hauachii kitu. Jua lilipopanda, jasho likaanza kujaa miguuni. Nikipiga hatua, chwaka. Nikipiga nyingine, chwaka. Nati ya ekseli niliishika kwa spana, mkono ukateleza. Nikaishika tena, ukateleza tena. Hadi adhuhuri haikuwa imesogea hata kidogo. Nilipobandua utepe, nywele za mikononi ziliondoka nao, na maji yakamwagika kama ndoo iliyopigwa teke. Mke wangu aliuliza kwa nini nimelowa. Nikasema nimeoga. Akauliza kwa nini basi ninanuka. Kuna maswali ambayo mtu mzima hayajibu.

Doa: hakuna. Naandika hilo kwa fahari.

Jumatano, 6 Machi

Glavu za kuoshea vyombo, zile za njano zinazoning'inia jikoni. Zinashika! Nati imelegea asubuhi na mapema. Nikalala chini ya gari, nikachomoa ekseli upande wa giaboksi, na hapo nikakumbuka kwamba giaboksi ina mafuta. Nililijua jambo hilo zamani. Lilikuwa limenitoka kwa muda.

Mtu aliyelala chini ya gari huinua mikono juu. Mafuta, kwa ukaidi wake, hushuka chini. Yalipita juu ya glavu, glavu ikabaki na sifa zake, yakaingia katika mkono wa shati, yakateremka hadi kwapani bila kubisha hodi.

Nimeshinda bombani hapo uani. Sabuni ya unga: bure. Mchanga: umenichubua. Kisha sukari iliyochanganywa na sabuni ya vyombo, na hiyo nakiri inasugua. Limekwenda bakuli zima. Shati nimelifukia nyuma ya banda la kuku.

Jioni shemeji alikuja. Akaomba, huku akicheka kwa pua, nimwonyeshe kucha. Mimi! Niliyekagua kucha za nusu ya watu wazima wa mtaa huu walipokuwa hawajui kupenga kamasi! Nilinyoosha mikono. Akaigeuza, akainusa, akasema nanukia keki. Doa hakuliona. Uso ulimshuka kama hema lililokatwa kamba. Mke wangu alipouliza sukari imekwenda wapi, nilisema shemeji hupenda chai tamu. Alimtazama kaka yake kwa namna ambayo mimi hutazamwa kila siku. Nililala vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefikiri kwa kina. Ni nani anayeketi mahali pa uchafu, akaangukiwa na uchafu huo kichwani, kisha akainuka na kwenda zake safi? Jibu linaniuma: mteja wa kinyozi. Siri yake ni lile shuka linalofungwa shingoni. Nikaenda kuliazima. Kinyozi alisema analo moja tu. Nikamwambia sitachelewa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo vijana hawakubishana na wazee. Alinifunga mwenyewe kwa nyuma, fundo la kazi.

Upande wa pili wa ekseli, ule wa gurudumu, ulikuwa bado umeng'ang'ania. Nikainua gari kwa jeki, nikasimamisha gogo chini yake, nikaishusha jeki taratibu hadi gari likakaa juu ya gogo. Nikajipenyeza. Nikachomoa ekseli bila kuguswa na tone. Nikataka kutoka. Shingo ikakataa.

Pindo la shuka lilikuwa limelaliwa na gari, pale juu ya gogo. Fundo lilikuwa kisogoni. Mpini wa jeki ulikuwa pale mkono usipofika. Nilivuta kidogo, nikaona nyota mchana.

Ndipo vikatokea viatu, vinang'aa kama vya mtoto wa Jumapili. Shemeji. Aliuliza ninafanya nini. Nikasema napumzika. Basi akavuta kiti, akaketi, akanieleza rangi atakazolipaka gari langu. Anapendelea rangi ya maziwa. Viti atavivisha vitambaa vya maua. Nilikuwa na spana mkononi na kifundo cha mguu wake kilikuwa karibu. Naandika haya ili ijulikane kwamba nina subira.

Aliyeniokoa ni kinyozi, aliyekuja mbio kufuata shuka lake kwa sababu mteja alikuwa amekaa kitini na nusu ya kichwa. Alipiga jeki, akanivuta kwa miguu, akalitazama shuka: limechanika, limelowa mafuta. "Mzee," akasema, "kama ulitaka kunyongwa ungeniambia, ningekaza fundo."

Hana adabu. Lakini ndani ya nyumba, doa: hakuna.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Ekseli imelala uani chini ya gunia.

Wakati wa chakula mke wangu amesema kwamba siku hizi nimekuwa msafi mpaka ana wasiwasi. Hilo ndilo neno jema la kwanza tangu mwaka jana, na alilisema mbele ya shemeji. Tena ametandika kitambaa kipya cha kochi, cheupe pe. Shemeji hakumaliza chakula chake. Nilimsaidia.

Kilichobaki ni kukifungua kiungo, kukisafisha na kukipaka grisi mpya. Nimeligundua kosa la wiki nzima. Chanzo cha uchafu si grisi. Chanzo ni ardhi! Ni kule kulala chini na kujiviringisha kama nguruwe. Mtu safi aliyeketi kitini, mbele ya meza, katika chumba kisafi, atachafuka kwa njia gani? Sijapata bado mtu wa kunijibu. Sijamuuliza mtu pia. Mke wangu anakwenda sokoni kesho.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua bado. Mke wangu alitoka na kikapu. Nikaileta ekseli sebuleni.

Nilivaa shati jeupe, la kazi za ukaguzi, kwa makusudi. Meza nikaitandika magazeti. Zana nikazipanga kwa urefu wake. Ekseli nilikuwa nimeiosha kwa nje hadi ingeweza kupakuliwa kwenye sahani. Nilikuwa nimekwisha kaa nilipomsikia shemeji mlangoni akikung'uta mwavuli. Alimfuata dada yake, akaambiwa hayupo, akaona meza. Akatabasamu. Akachukua nafasi kwenye kochi, juu ya kitambaa kipya, akalisogeza kochi lenyewe karibu na meza ili asikose doa hata moja. Pupa tupu.

"Shemeji," akasema, "hicho kitu kina grisi."

Nikamjibu kwamba grisi humwogopa mtu mwenye utaratibu.

Nikaufungua mfuko wa raba unaofunika kiungo. Polepole. Ndani, grisi nyeusi kama lami ya barabara. Nikaichota kwa kijiko, nikaitia bakulini, kijiko baada ya kijiko, huku nikimweleza kila hatua kama ninavyomweleza mwanafunzi mzito. Hakuna tone. Shemeji alianza kutoka jasho. Aliangalia kiganja changu cha kulia, akaangalia cha kushoto, akaangalia saa. Gari lilikuwa likimponyoka na alilijua.

Lililobaki ni kukitenganisha kiungo na mhimili wake. Kimekaza. Hapo hupigwa nyundo, mara moja, kwa busara. Nilipiga kwa busara. Hakikutikisika. Nikapiga tena.

Niseme wazi kwamba ndani ya kiungo hicho mna gololi za chuma, kubwa kuliko za kuchezea watoto, na kila moja imevaa koti lake la grisi. Zilitoka zote pamoja. Moja ilivuka kitambaa cheupe kutoka pembe hadi pembe, ikachora mstari ulionyooka ambao ningeupa alama nzuri. Nyingine ilipiga pazia, ikateremka nalo bila haraka. Nyingine iliingia chini ya kabati, tukaisikia ikizunguka huko, ikatokea upande wa pili. Na moja iliruka kutoka mezani ikatua mapajani mwa shemeji, ikashuka hadi gotini, na bonge zima la grisi likaifuata likamkaa kifuani, juu ya tai.

Shemeji aliinua mikono kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Kisha akajifuta. Kisha akashika ukuta. Kisha akaona alichofanya ukutani, akakimbilia mlango, akashika mlango.

Mlangoni alikuwapo mke wangu, na kikapu chake.

Nilisimama. Nikanyoosha mikono. Nikageuka, mbele na nyuma. Shati: jeupe. Kucha: safi. Nilimwomba atazame vizuri kabla ya kusema neno ambalo angelijutia.

Akatazama. Alinitazama mimi tangu kola hadi viatu, kisha akatazama pazia, kitambaa, ukuta, mlango, kaka yake. Alikiweka kikapu chini.

"Kaka," akasema, "funguo za gari ziko juu ya kabati."

Jumapili, 10 Machi

Limekwenda. Shemeji alikuja na suti nyingine, ya hudhurungi, na jamaa mwenye lori, wakalifunga kamba. Aliketi kwenye usukani wangu akipunga mkono kama rais. Uani pamebaki pakavu penye umbo la gari, na kuku wamekwisha pahamia. Nilisimama pale kidogo. Kinyozi aliinua shingo juu ya ukuta, akaniona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Sikupenda.

Nilikata rufaa wakati wa chai. Nilimweleza mke wangu, kwa mpangilio, kwamba sharti lilihusu madoa yangu. Kwamba madoa yaliyopo yamefanywa na gololi na mikono ya kaka yake. Na kwamba mtuhumiwa alikutwa akiwa na shati jeupe. Alisema yeye hasikilizi rufaa, anafua mapazia.

Haelewi. Hakuna anayeelewa. Watu wanatazama gari lililoondoka, hawatazami kilichothibitishwa. Sebule nzima ilichafuka, fundi hakuchafuka! Utaratibu ule ni sahihi. Ulihitaji tu kifaa kidogo zaidi.

Naandika haya huku mke wangu akishona kitambaa kingine cha kochi chumbani. Cherehani chake kinalia vibaya. Kimekauka ndani, mtoto angelijua hilo. Kesho anakwenda kwa dada yake kutwa nzima. Nitakifungua chote, nikitie mafuta, nikifunge kabla hajarudi. Nitakifungulia pale pale chumbani, juu ya kitanda. Ametandika shuka jeupe, kwa hiyo skrubu ikidondoka nitaiona mara moja.