Pambano la Kuniaga

Jumatatu, 3 Machi
Waandaaji wamekubali kuniaga ulingoni Jumamosi. Miaka ishirini na sita ya mieleka ya maonyesho, na sijashinda hata siku moja! Si udhaifu. Mambo hupangwa: mmoja wa kushinda, mwingine wa kuanguka. Mimi ni wa kuanguka. Binti yangu atakuja. Hajawahi kuniona nimesimama mwisho wa pambano. Safari hii ataniona, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba Chui, bingwa aliyenibwaga tangu ujanani, aanguke yeye. Akacheka mpaka akapaliwa. Nikamwambia daktari amenipa miezi mitatu. Akalia! Jitu zima! Amekubali. Nimeona aibu, ila kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Chui hana kifua. Mke wangu amerudi kutoka sokoni na pole za mtaa mzima. Amenisema mpaka majirani wakafunga madirisha. Nikaenda kumwomba Chui radhi. Akaniita mwongo mkubwa, kisha akasema ataanguka hivyo hivyo, maana keshamwahidi binti yangu kwamba baba yake atashinda.

Jumamosi, 8 Machi
Mpango ulikuwa rahisi. Chui arushe kiwiko, niiname, nimnyanyue, nimtupe. Akarusha kiwiko. Mwili haukuniuliza! Hakijanigusa, nimeshapaa, kichwa chini, miguu juu, mgongo sakafuni puu! Chui akaninong'oneza niinuke, mjinga mimi. Nikainuka. Akajitupa chini mwenyewe. Niliposikia ule mshindo, nami nikaanguka! Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Nilijificha chumba cha kubadilishia nguo. Binti akanifuata. Akasema utotoni alikuwa akifumba macho kila nikipaa, akidhani naumia. Leo kwa mara ya kwanza ameangalia mpaka mwisho, na hajaona mtu anayeanguka vizuri kama baba yake. Nililia. Kocha wa vijana pale ukumbini naye anataka niwafundishe wanafunzi wake kuanguka, na picha yangu itundikwe ukumbini.

Jumapili, 9 Machi
Picha imetundikwa: niko hewani, kichwa chini, Chui amesimama kando. Nimemwahidi mke wangu kwamba ujanja basi, nimeridhika.

Watu walipotoka, nikaigeuza juu chini. Sasa mimi nimesimama wima, na Chui ananing'inia kama popo. Nimeshinda!

Picha imeanguka mara mbili. Kesho naenda na msumari mrefu zaidi.