Chuma Chakavu cha Kirando

Neno "inamisi" lilipomfikia Yusto pale sokoni Sumbawanga, masikio yalimsimama kama ya mbwa aliyesikia sufuria ikifunuliwa. Aliyelitamka alikuwa Getruda, muuza dagaa, akimlalamikia mteja kwamba mzigo wake umekwama Kirando kwa sababu injini ya boti ya Mama Bertila inamisi: inakohoa, inatema moshi mweupe, kisha inazima.

"Pole, dada," Yusto alisema akijisogeza. "Hiyo kazi niachie mimi."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kila mwenye kibanda cha bati alitaka kuwa na mashine ya kusaga, na injini ndogo za dizeli zilisakwa kuliko wachumba. Yusto alijiita fundi. Ufundi wake wote ulikuwa boksi la spana zilizong'aa kwa kutotumika, na ujuzi mmoja: kwamba nati ya bomba la dizeli ikilegea, injini hunyonya hewa na kupoteza nguvu. Fundi wa kweli huikaza. Yusto aliilegeza zaidi, akatangaza msiba, akainunua injini kwa bei ya chuma chakavu, kisha akaikaza mjini na kuiuza kama mpya. Kijiji cha Kate alifanya hivyo, kijiji cha Mwimbi alifanya hivyo, na waliotapeliwa walimshukuru kwa kuwaondolea mzigo. Wajinga ndio waliwao, na Yusto alikula akashiba.

Safari hii hakuwa na mtaji. Akamwendea Oswaldi, bahili mmoja aliyekuwa amejenga kibanda na kuandika MASHINE mlangoni, ndani hamna kitu. Oswaldi alimkabidhi redio kaseti yake mpya akaibadilishe kwa injini.

"Urudi na injini au na redio yangu," alisema. "Ukikosa vyote viwili, utasaga wewe."

"Mzee, huniamini?"

"Hapana."

Yusto akateremka na redio hadi Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mama Bertila alikuwa mjane wa makamo, mwanika dagaa, na boti yake ilikuwa ya tanga, yenye kiinjini kidogo nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Mgonjwa ndiye huyo. Anakohoa, lakini anawaka."

Yusto aliinama akaiona nati imelegea kidogo tu. Mtoto angeikaza kwa vidole. Akaikinga kwa mgongo, akailegeza kabisa, akazungusha hendeli. Injini haikutoa hata chafya. Yusto akavua kofia kama yuko makaburini.

"Mama, imekufa. Nozeli, pistoni, vyote. Hiki sasa ni chuma chakavu."

"Una hakika?"

"Mbele ya Mungu na watu."

Kwa kuwa watu walitajwa, Bertila aliwaita. Wanika dagaa wakaja na mikono yao yenye magamba. "Hebu rudia, fundi, wenzangu wasikie."

"Chuma chakavu!" Yusto alitangaza kwa sauti ya mhubiri.

"Basi nakuuzia chuma chakavu kwa redio hiyo," alisema Bertila, na wenzake wakashuhudia. Yusto alimdharau mpaka akamhurumia.

"Lori la kupanda mjini linapakia Kipili," Bertila aliendelea. "Twende kwa boti, utaifungua injini yako huko."

"Kwa boti ipi tena, na injini imekufa?"

"Mwanangu, tanga halinywi dizeli."

Hilo Yusto hakuwa amelifikiria. Mwenye mashine ya kusaga, injini ikizima, foleni ya ndoo humtia wazimu na huuza chochote. Mtu wa ziwani hutweka tanga akaendelea na safari. Lakini tamaa ilikuwa imeshapanda botini kabla yake, naye akaifuata.

Walipofika kwenye maji mengi, Bertila akatua tanga. Boti ikaanza kuyumba. Yusto, mwana wa nyanda za juu za Ufipa aliyezoea kuyaona maji ndani ya ndoo, akakumbatia mlingoti.

"Mama, mbona tumesimama?"

"Hatujasimama. Upepo unatupeleka Kongo."

"Tweka tanga!"

"Nimechoka. Wewe si fundi? Washa injini."

"Imekufa, mama!"

"Basi tutafika Kongo. Labda nako wananunua vyuma."

Wimbi likaingia likamlowesha mpaka kifuani. Yusto aliogopa, akaogopa kweli, na uongo wote ukamtoka mwilini. Akachomoa spana, akaiendea nati ileile bila kuuliza njia, akatoa hewa kwa pampu ya mkono, akaikaza, akazungusha hendeli. Injini ikawaka, ikanguruma bila kukohoa hata mara moja.

Bertila akashika usukani. "Ilikuja kwako mgonjwa, ukaifanya maiti. Sasa umeifufua kwa nati moja."

"Ni bahati, mama. Ila injini ni yangu, tumeuziana."

"Tumeuziana chuma chakavu, watu wamesikia. Hii inanguruma." Akasukuma kwa mguu nanga kuukuu, imeliwa na kutu, imebaki na jino moja. "Chako hiki."

Yusto alifikiria kwenda polisi Kipili, kisha akafikiria angeeleza nini.

Alishuka kwenye lori Sumbawanga na nanga begani. Oswaldi alikuwa akimsubiri.

"Mzee," Yusto alianza, maana ulimi wake haukujua kushindwa, "hiki ni kifaa cha kuzuia mashine isitikisike. Injini inafuata."

Oswaldi aliitazama nanga, akamtazama mwenye nanga. Akalichukua boksi la spana, akalifungia ndani, akarudi na kinu na mchi.

"Nilikuambiaje?"

Msimu mzima Yusto alitwanga mahindi ya watu chini ya neno MASHINE, jasho likimtiririka, ada ikiingia mfukoni mwa Oswaldi. Mkono ukilegea, akina mama waliopanga ndoo zao humgongea makopo na kupaza sauti kwa pamoja, na Getruda, aliyekwisha kuletewa habari pamoja na dagaa wake wa Kirando, ndiye huanza:

"Fundi, unamisi! Kaza nati!"