Chevelle Ninayoiponda

Jumamosi, 8 Juni 2013

Bernadine, mjane wa rafiki yangu Emmett, ameamua kuuza moja ya magari mawili ya marehemu. Nafasi ya kwanza kanipa mimi. Chaguo si gumu. Pontiac GTO ya 1967: kijani, nzuri ya kutazama, lakini injini si ile iliyotoka nayo kiwandani. Chevelle SS ya 1970: nyekundu, mistari miwili myeusi kwenye boneti, injini yake ya asili, namba zote, za injini na za bodi, zinalingana. Wakusanyaji wa magari ya zamani wanatoana macho kwa gari kama hilo. Ndiyo ninayoitaka. Mpango: niiponde Chevelle, bei ishuke. Mke wangu Marlys kasema niombe tu kama mtu mzima. Marlys hajui biashara.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda baada ya kanisa. Nimeizunguka Chevelle nikiguna. Nimesema inabugia petroli, usukani mzito, na wekundu ule unafaa gari la zimamoto. Kisha nikaipapasa GTO, nikaimwagia sifa: gia nne za mkono, kiuno chembamba, mlio wa kutuliza moyo. Bernadine alisikiliza kwa makini, akanikatia pai ya cheri. Mambo safi.

Jumanne, 11 Juni

Balaa. Bernadine kapiga simu. Kasema nimemgusa kwa jinsi ninavyoipenda GTO, basi niichukue kwa bei ya kirafiki. Chevelle, kwa vile haina maana, atabaki nayo ya kwendea kucheza bingo na wazee wenzake. Bingo! Namba zote zinalingana, halafu bingo!

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kurekebisha. Nimedai nimefikiri upya na GTO hainichangamshi tena. Hakubishana. Alinipa funguo za Chevelle, akasema tuzunguke nayo hadi ziwani. Sikuwa nimekalia kiti kile tangu Emmett alazwe. Injini ile mimi na Emmett tuliifungua pamoja mara tatu, na mara zote tatu tuligombana. Nilipokanyaga mafuta ikanguruma, machozi yakanitoka. Nikasingizia upepo. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Bernadine akanitazama. "Orville, Emmett aliniambia zamani: ukitaka kujua Orville anatamani nini, sikiliza anachokitukana."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hakuniuzia Chevelle.

"Kwa sababu na mimi naitaka, shemeji. Ungeniuliza ningekwambia."

Tulirudi polepole. Alinifungia pai iliyobaki nimpelekee Marlys.

Jumamosi, 15 Juni

GTO iko kwangu. Marlys kajifunga kitambaa kichwani, tukaenda nayo kula aiskrimu. Tukamkuta Bernadine na Chevelle. Tukaegesha sambamba, watu wakajaa, wakaanza kubishana ipi ni bora. Mzee mmoja aliapa kwa GTO, mkewe akaapa kwa Chevelle, wakaondoka bila kusemezana. Sijafurahi hivyo tangu tumzike Emmett. Na ule mlio wa GTO ni mtamu kweli. Kumbe siku ile nilikuwa nasema kweli, sikujua tu.

Marlys anadhani nimetosheka. Mimi nimekaa, nimetafakari, na kosa langu nimeliona wazi: niliiponda. Kesho baada ya kanisa nitaisifu Chevelle mpaka koo linikauke. Bernadine ataamini siitaki hata bure. Kufikia Jumatano atakuwa ameniuzia.