Mtamba wa Masalu Kwenye Mafunjo

Jumatano, 2 Oktoba

Ziwa limefika kwenye jiwe la kufulia. Zamani nikienda kufua pale nilibeba na uji wa mtoto, jinsi palivyokuwa mbali. Leo nimefua huku naangalia sufuria jikoni.

Mume wangu Pius kaliangalia jiwe, kaniangalia mimi. Kasema maji yakiingia ndani tu, tunahamia Magu kwa mama yake. Nampenda mama mkwe. Nampenda akiwa Magu. Nyumba hii matofali yake niliyafyatua nikiwa na mimba ya Masalu. Siendi!

Akili imenijia nikikoroga uji. Hellen, yule dada wa Mkuyuni mwenye boti ya injini, kila siku anapitisha wageni kuangalia korongo taji kwenye mafunjo yetu. Anazima injini kule mbali, wageni wanachungulia kwa darubini. Mimi korongo hao nawasikia nikiwa kitandani! Na mtumbwi wa marehemu baba ninao. Wageni wakipandia mlangoni kwangu, nyumba itatulisha. Mwanaume gani anahama nyumba inayomlisha?

Kikwazo ni mafunjo yenyewe. Yamesimama kati ya mlango wangu na ziwa kama ukuta. Na wazee wameyafanya ngitili. Hakuna kukata, hakuna kuchoma. Wanasema yanavunja mawimbi, na ndege wanataga humo.

Ukuta una mlango lakini. Hata wa kanisa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeenda kwa Mzee Nkwabi, mkuu wa dagashida, baraza letu la wazee. Shikamoo kwa magoti mawili, Masalu mgongoni, mayai kwenye kikapu. Kaitikia marahaba, mayai kapokea, ombi kakataa. Kasema ngitili ni akiba ya mifugo tangu enzi za babu zake. Inafunguliwa kiangazi kikikaza, ng'ombe wakikosa majani. Mtumbwi hauli majani.

Nimerudi nyumbani naimba.

Kiangazi kimekaza? Kimekaza. Ng'ombe? Masalu alipozaliwa bibi yake alimpa mtamba. Basi mtamba ataingia kwenye mafunjo kula, na atakapokula patabaki njia. Mimi sijakata hata unyasi. Nafikiri Mzee alikuwa anazungumzia ngitili za nyasi, kule nchi kavu. Sikumuuliza. Hakunikataza kutouliza.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada nimemwingiza mtamba.

Hakula! Kanusa funjo moja, kaniangalia kama mama mkwe anavyoangalia mboga yangu. Kasogea hatua kidogo, kazama mpaka tumboni. Nikamvuta mkia, nikazama na mimi. Masalu, niliyemwacha kwenye mkeka, anapiga makofi.

Ikabidi nipige yowe. Na yowe kwetu halisikilizwi ukiwa umekaa. Ukikosa kuja, siku yako ya kulia utalia peke yako. Wamekuja wote, na kamba na miti, wengine na nguo za kanisani. Wamekanyaga mafunjo, wamelaza mengine wapate pa kusimama, wamemburuta mtamba kulia na kushoto. Walipomtoa palikuwa na njia ambayo hata kivuko kingepita.

Nimewashukuru huku nalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Jioni nimefagia gati langu.

Jumanne, 8 Oktoba

Wageni wangu wa kwanza! Mume na mke, wazee wa Kizungu, wamekuja na bodaboda. Nimewanasa kabla hawajafika kwa Hellen. Niliwaonyesha mlango wangu kwa kidole, nikapiga mbawa kwa mikono, wakaelewa.

Tumepita kwenye njia yetu vizuri kabisa. Hellen alikuwa nje na boti yake. Katuona, kazima injini, kanitupia maneno juu ya maji.

"Mdogo wangu, usimsogelee korongo. Yuko kwenye mayai."

Nikamjibu kuwa hata mimi ni mama, mambo ya mayai asinifundishe. Nikapiga kasia.

Korongo kanyanyuka. Kasimama pembeni, shingo ndefu, anaangalia kiota chake, anatuangalia sisi. Anainua na kushusha miguu. Nikaushika mguu wa Masalu mgongoni. Sijui kwa nini niliushika hivyo. Nikawaambia wageni kwa ishara kuwa anawachezea ngoma. Wakashangilia, wakapiga picha.

Tulipoondoka alirudi kulalia. Nilihakikisha. Niligeuka mara nyingi mpaka mtumbwi ukaenda upande.

Mama wa Kizungu kaacha kiatu kimoja kwenye tope langu. Kasema kwa ishara atarudi. Labda kwa ajili ya kiatu. Mteja ni mteja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua na upepo wa ziwani tangu alfajiri. Zamani wimbi lilikuwa linafia kwenye mafunjo, linafika kwetu kama mate ya mtoto. Leo limepata barabara. Limekuja moja kwa moja, limepita gati, limeingia bila hodi. Kwa majirani, hata tone.

Nimemweka Masalu kwenye beseni la kukandia unga. Kaelea kitandani kwetu, anacheka. Nyuma ya maji kaja kiboko, kwa njia ileile, kala matembele yangu yote. Nimempigia sufuria. Kaendelea kutafuna.

Pius kafunga godoro kwa kamba. Hakusema Magu. Godoro lilisema.

Aliyetutoa ni Hellen. Kaleta boti mpaka dirishani, kampokea Masalu kwanza, kamvisha jaketi la kuokolea lililomfika magotini. Hakunisema hata neno moja. Angenisema ningelala vizuri.

Jumamosi, 12 Oktoba

Dagashida imekaa. Mimi katikati.

Nimejitetea. Nimesema ng'ombe aliyeingia ngitili ni wa Masalu, mimi mchungaji tu. Mzee Nkwabi akasema mwenye ng'ombe basi ajibu. Masalu kamvuta ndevu. Wazee wakacheka. Mimi nikadhani nimeshinda.

Sijashinda. Nimepigwa mchenya, adhabu yetu ya kulisha watu. Nitapika ugali kwa wote wanaojaza viroba vya mchanga kuziba njia, na nitapanda mafunjo upya kwa mikono yangu. Pius akainuka kwa heshima. Kasema tutaacha chakula cha adhabu kwa jirani, maana kesho anahamisha familia.

Mzee Nkwabi hakumtazama hata.

"Aliyeifungua ataifunga. Haondoki mtu nyumba ile mpaka mafunjo yashike mizizi."

Nikainamisha kichwa, nikajifunika kanga usoni. Watu walidhani ni aibu. Mama mmoja kanipapasa bega. Masikini, hakujua meno yote yalikuwa nje!

Jumamosi, 26 Oktoba

Viroba vimeziba njia. Ndani kumekauka, kumebaki harufu. Korongo kaangua. Nimemwona kwa darubini ya Hellen, kutoka mbali. Vifaranga wawili, wa rangi ya uji wa ulezi. Nimemwambia Hellen asante. Nimelazimika kusema mara mbili, ya kwanza haikutoka.

Napanda mafunjo kila siku, tope mpaka mapajani, Masalu kwenye kivuli. Afisa wanyamapori kapita, kasifu mstari wangu. Kasema mafunjo ni mmea wa ajabu, yakizikwa vizuri yanashika upesi sana. Krismasi tayari.

Upesi sana!

Pius alikuwa amesimama palepale. Kasikia. Nimemwona anaanza kutafuta kamba ya godoro.

Safu ya kwanza nimeipanda sawasawa, hiyo ndiyo inayoonekana. Za nyuma yake, tangu mchana, nazika mizizi ikiangalia juu.

Mvua zenyewe bado ndogo tu.