Malalamiko Dhidi ya Kicheko cha Chumba cha Mbele

Kutoka: Chumba cha Nyuma
Kwa: Baba Mzazi, Fundi Cherehani, Chumba cha Mbele

Baba Mheshimiwa,

YAH: KUKITHIRI KWA MAZUNGUMZO KATI YAKO NA KITINDAMIMBA

Shikamoo. Baada ya salamu, nakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa kifungua mimba wako na mhitimu wa shahada ya mawasiliano, kukujulisha kuwa nidhamu ya nyumba hii inamomonyoka.

1. Mdogo wangu ana miaka kumi na mitano. Nilipokuwa na umri huo, ulizungumza nami kupitia Mama, hata nikiwa nimeketi mbele yako: "Mwambie mwanao apunguze redio." Nami nilijibu kwa njia hiyohiyo: "Mama, mwambie Baba nimeshapunguza." Ulikuwa utaratibu safi. Hakuna aliyesema neno bila shahidi.

2. Leo binti huyo hukaa kando ya meza yako ya kukatia, akifumua mishono, mkipiga soga tangu atoke shule hadi chakula kiive. Juzi nilimsikia kupitia ukutani: "Baba, hesabu nimepata kumi na nne." Nikasubiri ngurumo. Ukamjibu, "Afadhali wewe! Mimi nilipata sita, na nne kati ya hizo niliibia kwa jirani." Mkacheka hadi cherehani ikanyamaza. Baba, mimi nilipata sabini na nane, ukamwambia Mama, "Muulize mwanao ishirini na mbili kazipeleka wapi."

3. Anakuuliza maswali, nawe unajibu! Alikuuliza kama umewahi kuogopa, ukamsimulia. Sasa yapo mambo ya maisha yako anayoyajua mtoto wa shule na asiyoyajua mhitimu. Hayo machache niliyonayo nimeyapata kwa kumwoshea mdogo wangu vyombo ili anisimulie.

4. Tasnifu yangu, kurasa mia na kumi, inathibitisha kuwa mzazi anayesikiliza humvuta kijana wake karibu. Ndiyo maana napinga. Ukimsikiliza yeye, itaonekana kuna kitu mimi nilinyimwa. Ukitunyamazia sote, hakuna aliyenyimwa chochote.

5. Uliponipima suti ya mahafali, utepe ukiwa umenizunguka kifuani, ulipaza sauti hadi jikoni: "Mama yao, andika! Kifua cha mwanao, thelathini na nane!" Sikumbuki siku nyingine tuliyokaribiana vile. Nilibana pumzi muda wote, hivyo hata kipimo chenyewe nina shaka nacho.

Kwa hoja hizo, naomba kitindamimba naye aanze kuambiwa kupitia kwa Mama. Na kwa kuwa Mama amelibeba jukumu hili miaka mingi bila likizo, najitolea mimi kukaa katikati yenu kila jioni na kuwafikishia maneno yenu, pamoja na vicheko, bila kupunguza wala kuongeza.

Nisalimie Mama, ambaye bila shaka ndiye atakayetumwa kuniletea jibu. Msalimie pia mfumua mishono, na hiyo cherehani inayosikia yote.

Ni mimi, mwanao mtiifu,
Yule wa "Mwambie Mwanao"

Tanbihi: Ile suti hainibani wala hainipwayi. Hata hivyo naomba unipime upya Jumamosi asubuhi, Mama akiwa sokoni. Vipimo nitaandika mwenyewe, wewe nitajie tu.